Nani Atakifuata Kikikwama?

Mjukuu wangu mmoja anasomea uhandisi Dar es Salaam. Alipokuja Korogwe kunisalimu likizo iliyopita, baada ya shikamoo na marahaba na habari za huko atokako, alitoa mkobani bunda la karatasi akaniambia, "Babu, wewe ulikuwa mwalimu. Hebu zisome hizi kanuni halafu uniambie kama huu si usumbufu." Yeye na wenzake wanne wanaunda kimashua kisicho na mtu ndani yake, kinachojiongoza kwa kompyuta ndogo na kamera, kikapita baina ya maboya mekundu na ya kijani pasipo mkono wa mtu kukigusa. Kanuni zenyewe zilikuwa za mashindano ya wanafunzi yaitwayo RoboBoat, yaliyoanza huko Marekani mwaka 2008. Nauli ya kwenda huko hawana, walakini wameamua kuzifuata kanuni zile zile ili siku ikitokea nafasi wasionekane washamba.

Nilizisoma polepole, maana macho yangu si yale ya zamani. Chombo kisizidi uzito wa pauni 140, yaani kama kilo 63. Kiwe na mahali maalumu pa kufungia kamba ya kukivutia. Betri zitunzwe kwa uangalifu, kwani betri hizi za lithiamu zikiumia huweza kuwaka moto. Juu ya chombo kiwepo kitufe kikubwa chekundu ambacho mtu akikibonyeza umeme wa mota unakatika, na mbali na hicho iwepo njia nyingine ya kukizima kutoka ufukoni, bila waya. Na kabla chombo hakijaingia majini kushindana, sharti kikaguliwe.

Hilo la mwisho ndilo lililomkera mjukuu wangu. "Babu," alisema, "hakuna mtu ndani! Kikizama, imezama plastiki na waya. Ukaguzi wa meli ya abiria nauelewa. Huu ni wa nini?"

Sikumjibu siku ile. Nilisingizia uchovu nikaenda kulala. Ukweli ni kwamba swali lake lilinirudisha kwenye lambo moja wilayani Handeni, mwaka 1986, na kwenye jambo ambalo kwa karibu miaka arobaini sikuwa nimemsimulia mtu yeyote, hata marehemu mke wangu.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nimejaa sauti na hamu ya kusifiwa. Handeni, kwa asiyeijua, ni nchi ya kiu. Hata maji yake ya bomba huvutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Watoto wa pale walijua kubeba ndoo kichwani bila kumwaga tone, lakini kuogelea hawakujua. Mimi nami sikujua, na mpaka leo sijui. Karibu na shule palikuwa na lambo lililochimbwa kwa ajili ya mifugo, na mvua za masika zikilijaza lilikuwa na upana wa kama mita themanini.

Tulipata mwalimu wa sayansi kijana, mzaliwa wa Pangani. Huko pwani watoto huchonga ngalawa za kuchezea na kuzishindanisha, naye aliuleta mchezo huo kwetu bara. Watoto walichonga miti ya msufi, wakashona matanga kwa mifuko ya mbolea. Kamba ya tanga waliifunga kwenye mkono wa usukani, na upande wa pili wakafunga ukanda wa tyubu ya baiskeli. Upepo ukizidi, tanga linavuta usukani. Upepo ukipungua, mpira unaurudisha. Basi chombo kikawa kinajishikia njia. Nilikiona kwa macho yangu kimashua cha urefu wa mkono kikivuka lambo kimenyooka, kama mtoto aliyetumwa dukani na kuonywa asichelewe. Leo nikisikia watu wakisema kwamba chombo kinachojiongoza ni jambo la kompyuta, huwa natabasamu.

Nikaona hapa pana sifa. Nikatangaza mashindano ya madarasa, nikawaalika mratibu wa elimu wa kata, mwenyekiti wa kijiji na wazazi. Siku mbili kabla, mwalimu yule alikuja ofisini kwangu akaomba mambo matatu. Inunuliwe kamba ndefu ya katani, iwekwe ukingoni. Kila chombo kifungwe uzi wa nailoni nyuma yake, ili kikienda mrama kivutwe. Na asubuhi ya mashindano yeye avikague vyote, na kisichovutika kisishindane.

Nilimkatalia yote matatu. Uzi niliuona kuwa aibu: wageni wangesema hiki si chombo kinachojiendea, ni mbuzi aliyefungwa kamba. Kuhusu katani nilimwambia shule haina fungu. Fikiri, ndugu msomaji: nchi nzima hii, kutoka Korogwe mpaka Muheza, ni mashamba ya mkonge, nami mwalimu mkuu nasema kamba ni ghali! Kuhusu ukaguzi nilimjibu kwamba ratiba haina nafasi, kwaya inataka kuimba.

Aliniuliza kwa adabu, akiwa bado amesimama, "Mkuu, nani atakifuata kikikwama?"

Nikamjibu, "Kitarudi chenyewe."

Siku ilipofika, chombo cha darasa la sita kilinasa kwenye matete mbali na ukingo, kikalala ubavu. Watu wakacheka. Mvulana aliyekichonga akaingia majini. Hakuna aliyemtuma, na kwa miaka mingi nimejificha nyuma ya maneno hayo: hakuna aliyemtuma. Lakini nilimwona. Nilimwona maji yakiwa magotini, nikamwona yakiwa kiunoni, na nilinyamaza kwa sababu nilitaka kile chombo kitolewe ili mashindano yaendelee. Kisha alikanyaga ukingo wa shimo lililoachwa na wachimbaji wa lambo, akatoweka. Mwalimu wa sayansi alikuwa ng'ambo ya pili, alianza kukimbia. Mimi nilisimama na karatasi ya ratiba mkononi. Aliyemwokoa mtoto ni mchungaji wa ng'ombe aliyepita kutazama mchezo, akiwa na kamba ya kufungia ndama begani. Aliirusha mara mbili, na mara ya pili mtoto aliishika.

Tulimlaza kifudifudi, akatapika maji, akalia. Mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Akanishukuru mimi. Mwenyekiti akasema ajali haina kinga, na tumshukuru Mungu. Jioni nilifungua kitabu cha matukio cha shule nikaandika: "Mashindano yamefanyika. Mshindi darasa la saba. Hali shwari."

Usemi huo, "ajali haina kinga", nimeusikia tangu utotoni kila penye msiba. Nadhani mwanzoni ulikuwa usemi wa huruma, wa kumzuia mfiwa asijitafune kwa lawama. Lakini umetoka matangani ukaingia maofisini, na huko unafanya kazi nyingine kabisa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu. Iliruhusiwa kubeba abiria 430 na ilikuwa imebeba zaidi. Iliundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga. Miaka ishirini na miwili baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Hesabu ya namna hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeipiga mkasi. Na bado, mara zote mbili, nilisikia vinywani mwa watu wazima usemi ule ule.

Kuna jambo moja la MV Bukoba lisilonitoka. Ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo juu, na ndani mlikuwa na watu hai. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, ikazama. Waliotoboa hawakuwa watu wabaya. Walitaka kuokoa, kama vile mvulana wangu alivyotaka kukiokoa kimashua chake. Kilichokosekana ni kwamba hakuna aliyekuwa amekaa, siku ya jua na utulivu, akajiuliza chombo hiki kikipinduka tutakishika wapi na kwa kamba gani. Ndiyo maana nilipofika kwenye ile kanuni ya mahali pa kufungia kamba, katika zile karatasi za mjukuu wangu, niliziweka karatasi chini kwa muda. Mahali pa kufungia kamba hapaongezi kasi ya chombo wala akili yake. Pamewekwa kwa ajili ya saa ambayo hakuna mwanafunzi anayependa kuifikiria.

Asubuhi yake, tukinywa chai, nilimsimulia mjukuu wangu habari ya lambo. Nilimsimulia yote, pamoja na lile la kumwona mtoto nikanyamaza. Alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo nililitarajia kutoka kwa hakimu na si kwake: "Sasa Babu, kama mtoto hakufa, kosa lako ni lipi?"

Hapo ndipo penye fundo. Wako wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliolijadili jambo hili mwaka 1976: je, bahati inaweza kuongeza au kupunguza hatia ya mtu? Madereva wawili wanaendesha hovyo usiku; mmoja anafika nyumbani akalala, mwingine anakutana na mtoto barabarani. Tunamfunga mmoja na mwingine tunamwazima gari tena. Mimi nimelitafakari suala hili kwa upande wa yule aliyefika nyumbani akalala, maana ndiye mimi. Kati yangu na ofisa aliyewahi kutia sahihi cheti cha chombo kibovu bila kukipanda, tofauti ni mchungaji mmoja na kamba ya ndama. Sikumleta mimi. Sikujua hata jina lake mpaka siku ya pili. Siwezi kuitia kamba yake katika hesabu ya wema wangu.

Hata hivyo sikubali kwamba hali zetu ni sawa kabisa. Aliyeua kwa uzembe ana mama wa kumkabili, na uso wa mama huyo hauna mfano. Aliyenusurika hana wa kumkabili, na hiyo ndiyo hatari yake: anaweza kufa mzee akiamini kwamba alikuwa mwangalifu. Naam, anaweza hata kupandishwa cheo, kama nilivyopandishwa. Nadhani deni lake yeye ni kusema. Anapaswa kulitoa tukio lile katika kabati la "hali shwari" na kuliita kwa jina lake, ili mwingine asihitaji maiti ndipo ajifunze. Deni hilo mimi nimelilipa nikiwa na miaka sabini na kitu, tena kwa kulazimishwa na swali la mtoto. Yule mwalimu wa sayansi alihamishwa mwaka uliofuata, na sikumwambia hata neno moja la samahani. Yeye naye hakunikumbusha. Nilimwandikia tathmini nzuri. Sijui nilidhani ninamlipa nini.

Msomaji anaweza kuuliza kama sitaki sasa kuifanya kila shughuli ya vijana iwe ya mihuri na fomu. Swali hilo nalielewa kuliko wengi. Nimekaguliwa maisha yangu yote. Tulipopata habari kwamba wakaguzi wa shule wanakuja (siku hizi wanaitwa wathibiti ubora), tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukawaambia watoto watoro wabaki kwao ili mahudhurio yasichekeshe, tukaandaa maazimio ya kazi ya muhula mzima kwa usiku mmoja, na kuku akachinjwa. Mkaguzi alijua, nasi tulijua kwamba anajua. Ukaguzi wa namna hiyo ni mbaya kuliko kutokaguliwa, kwa kuwa humpa kila mtu usingizi mzuri. Huko Uingereza mbunge Samuel Plimsoll alihangaika miaka mingi hadi sheria ya mwaka 1876 ikaamuru kila meli ichorwe mstari ubavuni, kuonyesha mwisho wa kupakia. Lakini sheria ile haikusema mstari uchorwe wapi. Mwenye meli aliuchora pale alipopenda, na ikachukua mpaka mwaka 1890 ndipo sheria nyingine ikamnyang'anya hiyo ruhusa. Kwa miaka kumi na minne mabaharia walisafiri juu ya rangi tu.

Kwa hiyo siutetei ukaguzi wa chokaa. Ninachokipenda katika kitufe chekundu ni kwamba hakisomeki, hubonyezwa. Mota ama imesimama ama haijasimama. Mwenye chombo hawezi kumweleza mkaguzi kwamba chombo chake "kwa kawaida" husimama. Na mkaguzi anayebonyeza hamwambii kijana kwamba hamwamini. Kwetu, kwa Wazigua na Wasambaa na naamini kwa wengi wengine, kukagua kazi ya mtu mbele ya watu huhesabiwa ni kumvunjia heshima. Tena akiwa mkubwa wako, ni utovu wa adabu kabisa. Yule mwalimu kijana alilibeba tusi hilo kichwani mwake alipoingia ofisini kwangu, akasimama wima, akaomba kwa upole. Aliogopa kunivunjia heshima kuliko nilivyoogopa mimi kumzamisha mtoto wa mtu. Heshima ya namna hiyo tumeilea sisi wenyewe, tena darasani.

Nikamrudia mjukuu wangu na lile neno lake, kwamba hakuna mtu ndani. Nikamwuliza kama amesikia habari za Microtransat, yale mashindano ya vyombo vidogo visivyo na watu kuvuka bahari ya Atlantiki kwa tanga. Alikuwa anazijua kuliko mimi. Akanieleza kwamba tangu mwaka 2010 vilijaribu vingi vikashindwa, hadi mwaka 2018 kimoja kiitwacho SB Met kilipofika Ireland kutoka Newfoundland. Nikamwuliza, vile vilivyoshindwa vilikwenda wapi? Akasema vingine vilipotea, vingine viliokotwa na wavuvi. Kisha akanyamaza, nikajua amefika mwenyewe nilikotaka afike. Wavuvi hao hawakujiandikisha kwa mashindano ya mtu. Chombo hakina mtu ndani, lakini kina mtu mbele yake, na kina aliyekichonga, ambaye anakipenda, na ambaye kikikwama atavua viatu.

Alasiri alitaka tukakijaribu mtoni. Mto Pangani unapita karibu na mji wetu hapa, nao una mamba. Nikamwambia tuanze na karai la kufulia. Tukalijaza maji uani, akakiweka kimashua chake ndani, urefu wake ukilizidi karai kwa shubiri mbili, majirani wakachungulia juu ya ua. Mota zikanguruma, rafadha zikatifua povu. Akabonyeza kitufe chekundu: kimya. Akawasha tena, akarudi nyuma hadi kwenye mwembe, akabonyeza kile cha mbali: kimya. Aliniangalia kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Nikamwuliza, "Na hicho ulichoshika mkononi, betri yake ikiisha?"

"Kinatakiwa kisimame chenyewe, Babu."

"Kizime basi."

Alikizima. Rafadha ziliendelea kuzunguka. Tulisubiri, na mke wa jirani akauliza kama maji yale tutayarudisha kisimani. Zikaendelea kuzunguka mpaka mjukuu wangu alipopiga magoti na kukibonyeza kitufe chekundu kwa mkono, shati lote likalowa.

Alikuwa amechapisha fomu ya ukaguzi aliyoitengeneza mwenyewe, yenye safu ya mwisho iliyoandikwa "Hali". Aliiweka juu ya paja lake, akaandika "Itarekebi", akasita na kunitazama. Nilimwambia akate hilo, aandike lililotokea. Akakata, akaandika "Imekataa", akatia tarehe, akanipa kalamu ili nami nitie sahihi yangu chini ya yake.